Kifungu cha Tisa

Karani hakuwa na kazi. Hakuwa na meza, hakuwa na muhuri, hakuwa na kile kitambulisho cha kuning'iniza shingoni ambacho kwa miaka kumi na tisa alisahau kukivua hata wakati wa kula. Hakuwa na mahali pa kwenda saa moja asubuhi, na bado kila saa moja asubuhi ilimkuta amekwisha kunyoa ndevu na kufunga tai. Zaidi ya yote, hakuwa na ruhusa.

Kiwanda cha magodoro kilimpunguza pamoja na wenzake kumi na mmoja. Barua ya kuwaaga iliwakumbusha kifungu cha tisa cha mkataba: kwa miaka miwili wasifanye kazi popote mjini panapotengenezwa kitu chochote ambacho binadamu hulalia, hukalia au huegemea.

Wenzake walicheka, wakatawanyika kutafuta riziki. Karani hakucheka. Alikishika kifungu kile kama amana. Mkewe, fundi cherehani, alipomwomba amsaidie kujaza pamba kwenye mito ya jirani, alikataa katakata. Mto huegemewa. Akahamia jikoni, akamwacha mama wa watu na pamba yake puani.

Mwezi wa nne, kiwanda cha makochi kikamwita. Kilitaka karani mkuu, kwa mshahara uliozidi ule wa zamani, na jibu la barua lenye muhuri wa posta usiovuka Ijumaa. Mkewe aliposikia alikaa chini. Tangu mume apunguzwe, midomo mitano ilikuwa ikilishwa na sindano moja.

"Kubali," akasema.

"Na kifungu?"

"Kifungu hakipikwi, baba watoto."

Mke akamwita mdogo wake, ambaye ni wakili. Kijana alifika Alhamisi jioni, akausoma mkataba akiwa amesimama, hata kiti hakuvuta, kisha akavua miwani ili acheke vizuri. Akaeleza kwamba kifungu kinamtaja mfanyakazi anayejiuzulu, basi. Anayepunguzwa hakutajwa popote, si juu, si chini, si pembeni.

"Mwenye nyumba hawezi kukutupia virago nje," akasema, "halafu akukataze kulala kwa jirani."

Karani akajibu polepole kwamba nia ya kifungu iko wazi, na aliyekitunga alikusudia wafanyakazi wote. Kisha akakisoma kwa kichwa, bila kutazama karatasi, mpaka nukta ya mwisho, kwa sauti ya mtu anayemtambulisha mwanawe kwa wageni.

"Alikusudia, ila hakuandika," wakili akasema. "Shemeji, huyu alikuwa anasinzia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiniletea kitu hiki nampa sifuri."

"Pengine alikuwa na kazi nyingi."

"Hata punda ana kazi nyingi."

Mke alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga, kicheko cha kwanza katika miezi minne. Karani aliuchukua mkataba, akaukunja kwa kufuata mikunjo yake ya zamani, akauliza mara mbili kama kweli mwanya huo upo. Wakili, akidhani anamtuliza shemeji yake, aliapa kwamba lori lingepita hapo likiwa na mzigo.

"Kesho jibu barua yao. Uko huru."

Asubuhi ya Ijumaa karani aliketi na karatasi. Watoto wakatolewa nje wasimpigie kelele, mkewe akaanza kupiga pasi shati la Jumatatu. Karani aliandika, akachana, akaandika tena. Ilipofika saa nne, mkewe alichungulia mlangoni, akauliza kama ameeleza vizuri. Karani akasema kwamba tangu ajue kushika kalamu hajapata kuandika jambo lililonyooka kuliko hili. Mke akamshukuru Mungu, akaenda kutafuta viatu vyake.

Barua yenyewe ilisema hivi:

"Kwa Meneja Mkuu, Kiwanda cha Magodoro. Mheshimiwa, kifungu cha tisa, nilichokitunga kwa mkono wangu katika mwaka wangu wa pili kazini, kimegundulika kuwa na mwanya kuhusu wanaopunguzwa. Naomba radhi kwa aibu hii. Naambatisha kifungu kilichorekebishwa, ambacho sasa kinawabana wote bila kubagua. Ili utekelezaji usichelewe, nakala ya kwanza nimekwisha kuitia sahihi mimi mwenyewe."

Akailamba bahasha, akaibana kwa kiganja mpaka gundi ikashika, akampa mkewe. Naye, bila kutazama anwani, akatoka nayo mbio kuelekea posta.