Sufu kwa Wote

Nilipasua donge la kaka yangu Lhundup, nikakuta sufu ya kondoo. Yaani mpole!

"Bibi, Lhundup huyu anayelala mpaka jua limbembeleze? Huyu ni wa chumvi, mvivu!"

Kila mwaka ukiisha, kabla ya Losar, sikukuu yetu ya mwaka mpya, bibi huficha vitu kwenye madonge ya unga ndani ya supu. Kila mtu hupasua lake, wengine wakamcheka: pilipili ni mropokaji, mkaa ni moyo mweusi. Mwaka huu wote wako Ulaya, tumebaki wawili. Madonge yao kayapika vilevile.

Nikapasua la mama, la baba, la dada. Yote sufu.

"Sasa tumcheke nani?"

"Nimcheke mtu hayupo?" Bibi akanimiminia chai ya siagi. "Pasua lako, we mtoto."

Simu mfukoni ilikuwa na ujumbe: viza yangu imetoka. Nilipanga kumwambia tukimaliza kula.

Ndani ya donge langu kulikuwa na mkaa, mkubwa kama kidole gumba. Ukanichafua mkono wote.

Bibi akapiga makofi. "Moyo mweusi! Mwoneni!" akaviambia viti vitupu.

"Bibi," nikasema.

Alikuwa bado anacheka.