Kiti cha Dirishani

Kigari cha mtoto hakikuwa na shida. Mama alikikunja mlangoni mwa ndege, wakakipokea, wakakipeleka chini kwenye mizigo. Kiti ndicho kilicholeta kasheshe.

Kilikuwa kiti cha mtoto mchanga, cha plastiki, chenye mikanda yake na kimto cha maua. Mama alikuwa amekifunga barabara kwenye nafasi ya dirishani, na sasa amekaa pembeni yake, mkono juu ya kiti, utadhani kuna mtu anataka kumpokonya. Na kweli alikuwapo.

“Mama, mtoto mwenyewe yuko wapi?” mhudumu wa ndege aliuliza. Alikuwa binti mpole, ila amechoka.

“Yuko nje na baba yake. Blanketi lilisahaulika, baba yake amempelekea.”

“Basi wafanye haraka. Tukifunga milango kiti kikiwa kitupu, itabidi nikitoe. Ndiyo sheria.”

“Hakitoki. Nafasi yake imelipiwa, kwenda na kurudi.”

Kiti alikinunua wifi yake, wiki ile walipopata safari ya kumpeleka mtoto hospitali ya mbali. Kile kimto alikishona kwa mkono wake. “Kitampeleka,” alisema siku ya kuagana, “na kitamrudisha.” Wakati wa kwenda mtoto alilala humo safari nzima, mdomo wazi, na kila aliyepita alitabasamu. Mama alikuwa amemwahidi wifi yake kwamba na kurudi itakuwa vivyo hivyo. Sasa wifi anawasubiri uwanjani kule nyumbani, na ahadi ni deni.

Safu ya nyuma alikaa mwanaume mmoja mwenye tai, na mdomo, Mungu amsamehe.

“Haya, tumekwisha!” alisema alipokiona kiti. “Mtu nimelipia usingizi, napewa kilio!”

Wawili watatu wakacheka.

“Usihofu, baba,” mama alijibu bila kugeuka. “Wangu halii.”

“Ah, wote hawalii mpaka ndege iruke. Siku nikimwona mtoto asiyelia kwenye ndege, nitampa zawadi kwa mkono wangu.”

Mama alianza kunyoosha mikanda ya kile kiti, mmoja mmoja, akiilaza vizuri pembeni kama afanyavyo mtu anayetaka kumkalisha mtoto bila kumwamsha. Tone moja la maziwa lilikuwa limekaukia kwenye mshono wa kimto. Aligusa lile tone, kisha akaliacha palepale.

Mhudumu akarudi. “Nisamehe, mama. Muda umekwisha.” Akainama, akashika kifungo cha mkanda.

Mama akamdaka kifundo cha mkono.

“Mwanangu, umeshazaa?”

“Bado.”

“Basi kiache. Nakuomba kwa mama yako aliyekuzaa, kiache!”

Watu waligeuka. Binti aliutazama ule mkono ulioshika wake, akaachia kifungo.

“Mkubwa wangu atanila mimi,” alinong’ona. “Mtoto asipokuja sasa hivi...”

Hapo baba akatokea mlangoni. Uso ulikuwa umemsawajika, na alitembea akijishika kwenye viti vya watu.

“Huyo! Kaja!” alisema mwenye tai. “Jamani, zibeni masikio!”

Baba alifika kwenye safu yao. Alikuwa peke yake. Mikononi alishika blanketi dogo la bluu, bado limekunjwa.

Mama alilitazama lile blanketi.

“Mbona umerudi nalo? Si nimekwambia kule chini kuna baridi?”

“Wamekataa kulifungua sanduku, mke wangu,” alisema. “Walishapigilia misumari.”

Chini ya miguu yao, mlango wa mizigo ukafungwa.