Fuwele ya Kumi na Moja

Fuwele ya kumi na moja Jattani aliitupa ukutani. Haikuvunjika. Iliviringika ikaingia chini ya meza, na hilo likamkera zaidi.

"Ebla, hii umeipika na nini? Na majivu?"

Ebla alisimama mlangoni akifuta mikono. Miaka tisa walikuwa wakipika fuwele pamoja katika maabara ya chuo cha ufundi, Isiolo. Wanachanganya madini adimu, wanayaacha yaive kwenye tanuri siku nzima. Fuwele nzuri hupokea mwanga wa infraredi wa leza na kuutoa ukiwa urujuanimno, mwanga unaoua vijidudu vya majini. Mianga yote miwili haionekani kwa macho, kwa hiyo mbele ya fuwele huwekwa karatasi nyeupe. Kazi ikiwa safi, karatasi huwaka samawati.

Tangu Idi, karatasi haikuwa imewaka.

"Nimepima kama kawaida, Mwalimu."

"Na lebo ya kisanduku chake je? Umeandika na kalamu iliyoisha wino. Nitasomaje hii?"

Ebla aliitazama lebo, akamtazama yeye, akakifunika kisanduku. Hilo lilimchoma Jattani. Siku hizi kila mtu alikuwa anamfanyia makusudi. Juzi pale mtaa wa Wabera mtu wa boda nusura amgonge mchana kweupe, hata honi hakupiga. Asubuhi Mzee Abdirahman, mkuu wa chuo, alikuja akasimama mbele yake kama mgeni, kimya, mpaka alipotoa salamu ndipo Jattani akamjua.

"Niruhusu niingie nawe chumba cha giza," Ebla alisema. "Tuangalie pamoja."

"Ili uibadilishe tena? Toka."

Alijifungia peke yake. Miwani ya kukinga macho na leza ilimzibia mwanga, alishaacha kuivaa. Aliinama karibu na leza, pua ikikaribia kugusa fuwele, akitafuta hata chembe ya samawati. Hakupata kitu. Alitoka akabamiza mlango.

Ijumaa baada ya swala alimleta Mzee Abdirahman mwenyewe, ili Ebla afukuzwe mbele ya shahidi.

"Kule Merti watoto wanaharisha kwa maji ya mto," Jattani alisema, "na mimi nimeahidi kupeleka fuwele Jumatatu. Huyu mama ananiharibia kazi. Leo utajionea."

"Pole pole, Jattani."

"Nimeenda pole pole miezi miwili, Mzee."

Aliwapa miwani. Akapapasa meza, akaweka fuwele ambayo Ebla alikuwa ameitoa tanurini asubuhi ile, akawasha leza, akazima taa ya chumba.

"Haya, Ebla. Mwambie Mzee ulichotengeneza."

Jattani alimsikia Ebla akianza kulia, na kwa mara ya kwanza katika miezi miwili roho yake ikatulia.

"Unasikia? Anajua alichofanya. Mzee, sema unachokiona hapo. Usimwonee haya."

Mkono wa Mzee Abdirahman ukatua begani kwa Jattani, ukabaki pale.

"Jattani," alisema taratibu, "karatasi inawaka samawati mpaka nauona uso wako."