Barua Pepe ya Nne

Ottilia alikuwa amemwandikia meneja wa benki barua pepe tatu, akiomba nafasi ya kufanya fildi, mafunzo ya kazi ya chuo, na hakuna hata moja iliyojibiwa. Leo alikuwa kwenye intaneti kafe ya Mbinga, anaandika ya nne.

Mama yake, aliyepanda toka Lundo, ziwani, na ndoo ya dagaa wa usipa, akainama kusoma.

"Mwanangu! Unamwomba mtu mzima kazi hata hujamwamkia?"

"Chuoni ndivyo walivyotufundisha, mama."

Mama akanyoosha kidole chenye magamba ya samaki, akagusa kioo. "Futa."

Ottilia akacheka, akafuta yote. Akaandika: "Shikamoo, baba. Ni Ottilia." Akatuma.

Walikuwa wanainuka jibu lilipoingia.

"Marahaba, mwanangu."

Mama akaitua ndoo. "Haya, sasa mwombe."