Kiti cha Jikoni Kwenye Theluji

Jamani, hamtaamini kilichotokea leo asubuhi hapa mtaani kwetu Chicago, na chanzo ni kiti cha jikoni!

Lavelle alichimba theluji saa mbili nzima, gari litoke, ampeleke mama yake kusafishwa damu maana figo zimekufa. Alipokwenda kujaza mafuta akaacha kiti cha jikoni pale alipopachimba. Sisi weusi wa mtaa huu wote tunajua: ukiona kiti, nafasi hiyo ya kuegesha ina mwenyewe aliyeichimba.

Kurudi, akakuta jirani mpya, mzungu wa lile ghorofa jipya, amekitupa kiti na kuegesha gari lake.

"Kaka, hapo nimepachimba mimi."

"Kwani barabara ya baba yako?"

Lavelle akainama kuokota kiti. Mzungu akamwahi, akamtwanga nacho usoni. Jino likaruka, likatua kwenye theluji. Lavelle akachomoa beleshi kwenye buti la gari lake, akapasua kioo cha gari la yule bwana, pwaa!

Polisi hao! Bastola mbili, zote kwa Lavelle. Mzungu bado kashika mguu wa kiti, hata hawakumtazama.

"Piga magoti! Ukitikisika nakulipua!"

Akatupa beleshi, akapiga magoti.

Mlango wa nyumba ya kina Lavelle ukafunguka. Mama yake, koti la safari ya hospitali tayari mwilini: "Msiniulie mwanangu!" Akateleza kwenye ngazi zenye barafu, kichwa kikagonga zege, ko! Akatulia. Theluji ikaanza kuwa nyekundu.

"Mama!"

"Nimesema usitikisike, we mbwa!"

Ni hatua sita tu mpaka pale alipolala. Haya niambie, ungekuwa wewe, ungebaki umepiga magoti?