Kilo Mbili za Gunia

“Mpe mbili,” Quinton alisema, kidole chake chenye vumbi la mahindi kikigonga kioo cha kompyuta.

Zilpa hakugeuka. “Nimpe nani, boss?”

“Huyo msikilizaji wako. Si ulinieleza mwenyewe?”

Ni kweli alimweleza. Nyuma ya kitufe kuna kipande cha programu kinachosubiri kuguswa. Waandishi wa programu hukiita msikilizaji. Kitufe kikiguswa, anaamka na kufanya kazi yake. Ukimkabidhi kitu cha ziada, atakibeba bila kuuliza. Mizani mpya ya ghala la Quinton, pale Bumala, ilikuwa na kitufe kimoja, PIMA, na spika ya kutamka uzito kwa wazee wasioona maandishi.

“Kilo mbili za gunia,” Quinton alisema. “Kila gunia. Azitoe kimyakimya kabla hajatamka.”

“Gunia tupu halifiki hata kilo moja.”

“Hayo ni maneno ya mamako, dada. Miaka kumi amenichachafya kwenye mizani mbele ya watu. Sasa amepumzika. Na mimi nipumzike.”

Zilpa aliitazama simu yake mezani. Walimzika mama kijijini Khunyangu mwezi wa tatu. Mpaka leo hakuwa amefuta chochote cha mama kwenye simu yake: namba, picha, wala zile jumbe za sauti alizozoea mama kumrekodia akiwa palepale kwenye mizani, huku akigombana na Quinton.

“Kama huwezi, useme,” Quinton aliendelea. “Busia imejaa watu wa kompyuta. Kesho nafungua.”

“Nitampa kitu cha ziada.”

“Na kisionekane kwenye kioo.”

“Hakitaonekana.”

Asubuhi, wakulima kutoka pande zote za Marachi walijaa uani. Quinton alivaa koti. Akoth, aliyekuwa jirani wa marehemu, ndiye aliyetangulia. Alilikokota gunia lake hadi kwenye mizani, akasimama kando akiwa amelishika pembe kama mtu anayeogopa kunyang’anywa.

“Hii mashine nayo itasema ukweli?” aliuliza.

“Mama, mashine haina shamba wala duka,” Quinton alimjibu, na watu wakacheka. Akamwinamia Zilpa. “Umempa?”

“Nimempa.”

“Mbona umebeba mkoba? Unaenda wapi mapema hivi?”

“Bonyeza kwanza, boss.”

Quinton akabonyeza PIMA.

“Kilo tisini na nne,” spika ikatamka, kavu, sauti ya mashine.

Tabasamu la Quinton likasita; zile mbili hazikutolewa. Kisha spika ikakwaruza, ikaja sauti nyingine, ile waliyoizika kule Khunyangu mwezi wa tatu:

“Quinton, gunia gani hilo la kilo mbili? Rudisha mahindi yangu.”