Swali la Nesi

Zamda alikuwa na mimba ya miezi minane, na kwa siku tisa yeye na mumewe Kombo walisemeshana kwa mambo ya lazima tu: chumvi, ufunguo, maji ya kuoga. Asubuhi hiyo Kombo alimsindikiza kliniki kwa mara ya kwanza, akakaa pembeni kana kwamba amekuja na mgonjwa wa jirani.

Nesi alimpima Zamda presha, akaitazama mashine, akapima tena.

"Imepanda, mama. Unalala vizuri?"

"Nalala," Zamda akajibu. Alishazoea kusema hivyo. Kueleza kulimchosha kuliko kukesha.

"Halali," Kombo akasema, macho sakafuni. "Anageukia ukutani analia, akidhani nimelala. Na mimi silali."

Nesi akaweka kalamu chini. "Wewe baba, una nini?"

Kombo akainua macho. "Naogopa. Mama yangu alifia uzazini. Kila nikiona tumbo linavyokua, natafuta pa kwenda."

Zamda alimwangalia. Siku zote hizo alidhani amechokwa. Alitaka kukasirika, lakini hata hasira ilihitaji nguvu ambazo hakuwa nazo.

"Ungeniambia," akasema taratibu.

"Ningekutisha."

Nesi akawaambia wasubiri nje nusu saa, atapima tena. Walikaa barazani. Zamda akavua ndala, miguu imevimba. Kombo akainama, akaunyanyua mguu mmoja, akauweka juu ya paja lake na kuushika hivyo hivyo, asijue aufanye nini zaidi.